Toka kisiwa hadi kisiwa na ndege: piga hesabu ya kilomita na masaa wewe mwenyewe

Mwaka juzi mama mdogo alitoka hapa Bukavu kwenda kuona watoto wake wawili, mmoja anafanya kazi ya hoteli Zanzibar, mwingine ameolewa na Mngazija na alikuwa amezaa mtoto wa kwanza kule Moroni, mji mkuu wa Komoro. Kufika Zanzibar hakukuwa na shida. Siku moja kabla ya kuendelea akanipigia simu, "Mwanangu, wewe njo unajuaka mambo ya intaneti, toka hapa hadi kwa dada yako ni masaa ngapi?" Mimi niko Nyawera, motari ananingojea na amekwisha kuwasha, nikafungua simu haraka haraka nikaandika majina ya viwanja viwili, ikatoka kilomita 739, lisaa limoja na dakika kitu. Nikamjibu mama, lisaa limoja na nusu, usibebe hata chakula.

Alitoka mlangoni kwa kijana wake saa kumi na moja na nusu alfajiri, akagonga mlango wa binti yake saa kumi na nusu jioni. Masaa kumi na moja. Usiku akanipigia tena, sauti imechoka: "We mtoto, lile lisaa lako ni la inchi gani?"

Sasa ile namba haikuwa ya uongo. Kilomita zilikuwa sawa, hata lenyewe lisaa lilikuwa sawa, ila lilikuwa linajibu swali lingine, ndege moja ikiruka moja kwa moja bila kusimama itakaa hewani muda gani, na mama hakuuliza ile, aliuliza atafika saa ngapi. Toka siku ile napigaka hesabu mwenyewe na karatasi, na kwa sababu jamaa wa hapa na wa Goma wanazidi kuniuliza, naandika yote mara moja. Nitashika Zanzibar na Moroni kama mfano mkubwa, visiwa vingine vitapita pembeni. Unahitaji paka simu na kalamu.

Hatua ya 1: shika uwanja, acha mji

Kosa la kwanza linafanyikaka hapa. Mtu anaandika "Moroni" anapata mji, lakini uwanja wenyewe uko Hahaya, kaskazini ya mji, karibu kilomita 20. Ni kama vile mtu aseme anatua Bukavu wakati ndege inatua Kavumu. Kwa hiyo anza na kodi (code) ya herufi tatu, ile inaandikwaka kwenye tiketi na kwenye karatasi wanayofunga kwa valizi: Zanzibar ni ZNZ, Hahaya ni HAH, Dar es Salaam ni DAR, Pemba ni PMA, Mauritius ni MRU, Réunion ni RUN. Kavumu yetu ni BKY, Goma ni GOM.

Na Pemba uwe makini sana. Kuna Pemba kisiwa, ndugu ya Unguja, na kuna Pemba mji wa Msumbiji ambao nao una uwanja, kodi yake POL. Ukipiga hesabu toka Zanzibar ukapata kilomita kama 125, uko kisiwani. Ukipata 760 na kitu, pole, umeshafika Msumbiji.

Ukishajua kodi, fungua ramani kwenye simu, sogeza karibu hadi uone barabara ya kurukia, weka kidole katikati yake ukibonyeze bila kuachilia. Zitatoka namba mbili. Ya kwanza inasema uko mbali gani na ikweta, kaskazini ama kusini, ya pili inasema uko mashariki kiasi gani. Andika zote mbili na desimali mbili, inatosha. Hizi hapa zangu:

ZNZ: 6.22 kusini, 39.22 mashariki
HAH: 11.53 kusini, 43.27 mashariki
DAR: 6.88 kusini, 39.20 mashariki

Kwenye simu ya kusini utaona alama ya kutoa mbele, kama −6.22, usiogope, ni kusema paka chini ya ikweta.

Hatua ya 2: kama umepewa dakika, zigeuze

Karatasi zingine hazitoe desimali, zinatoa digrii na dakika na sekunde, mfano Zanzibar wanaandika 6°13′20″. Watu wanasoma hiyo kama 6.13. Hapana! Dakika ni za kugawa kwa 60, sekunde kwa 3600, donc 13 kugawa 60 ni 0.217, 20 kugawa 3600 ni 0.006, jumla 6.22. Ukiacha 6.13 uwanja unahama kilomita kumi, ndege yako inakosa barabara ya kurukia.

Kitu kingine kidogo, sisi wa simu za Kifaransa: kalkuleta inawekaka koma mahali wengine wanaweka nukta. 6,22 na 6.22 ni namba moja, lakini ukikopi toka ramani ukabandika kwenye tablo la kompyuta ya Kifaransa, itakataa kuhesabu na haitakwambia juu ya nini. Nilishapoteza jioni nzima hapo.

Hatua ya 3: toa kilomita

Digrii moja ya kwenda kusini ama kaskazini ni kilomita 111, popote duniani. Rubani anasema maili 60 za bahari, na maili moja ya bahari ni kilomita 1.852, zidisha utaona ni kitu kimoja.

Tuanzie nyumbani kwanza ili mkono uzoee. Uwanja wa Goma uko 1.67 kusini na 29.24 mashariki, Kavumu iko 2.31 kusini na 28.81 mashariki. Tofauti ya kusini ni 0.64, zidisha 111 ni kilomita 71. Tofauti ya mashariki ni 0.43, zidisha 111 ni 48. Sasa chora pembetatu: umeshuka 71, umeenda kando 48, njia ya ndege ni ule mstari wa mshazari. Ni ile hesabu ya Pythagore walitufundisha kwa masomo, 71 mara 71, ongeza 48 mara 48, tafuta kipeo cha pili. Unapata kama 86. Kilomita 86! Na sisi tunakaaka kwa boti usiku mzima, ama masaa mawili na nusu matatu kwa kano ya mbio, tukizunguka Idjwi.

Haya, Zanzibar na Moroni. Kusini: 11.53 kutoa 6.22 ni 5.31, zidisha 111 ni 589. Mashariki: 43.27 kutoa 39.22 ni 4.05, zidisha 111... hapa simama kidogo.

Digrii ya mashariki haina urefu mmoja popote. Kwa ikweta ni 111 kamili, lakini ukienda mbali na ikweta ile mistari inasogeleana, inakuwa kama vipande vya chungwa, katikati ni vipana, huku juu na chini vinakutana. Kwa hiyo unazidisha tena na kosini ya latitudo (ile namba ya kwanza) ya katikati. Kwetu huku Kivu ni karibu 1 kabisa, njo maana kwa Goma na Kavumu niliiruka. Kati ya Zanzibar na Moroni katikati ni kama digrii 9, kosini yake 0.988. Lalisha simu, kalkuleta itafungua vitufe vingi, andika 9 na cos. Kama inatoa namba ya kutoa, −0.91, iko kwa RAD, bonyeza DEG.

4.05 mara 111 mara 0.988 ni 444. Mraba wa 589 na mraba wa 444, jumlisha, kipeo cha pili: 738. Ile ya intaneti ilisema 739. Tofauti ya kilomita moja ni juu tumekata desimali, usijisumbue nayo.

Ukitaka kuona kosini inafanya nini, nenda Mauritius na Réunion. MRU iko 20.43 kusini, 57.68 mashariki, RUN iko 20.89 kusini, 55.51 mashariki. Ukisahau kosini unapata 246, ukiiweka unapata 231, na ya kweli ni 231 na kitu. Kilomita 15 si mingi, lakini kwa njia fupi kama ile ni sehemu kubwa.

Kama kisiwa kimoja kiko juu ya ikweta na kingine chini, usitoe, jumlisha. São Tomé iko 0.38 kaskazini, Annobón ya Guinea ya Ikweta iko 1.41 kusini, donc umbali wa kusini ni 1.79. Kwa njia ndefu sana, maelfu ya kilomita, hii pembetatu itaanza kukudanganya kwa sababu dunia ni mviringo, pale tumia programu, lakini visiwa vya jirani haina shida.

Hatua ya 4: uliza ni ndege gani

Tovuti nyingi zinachukua mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 na kitu kwa lisaa, zinaugawia kila njia duniani. Njo unaonaka eti Zanzibar hadi Pemba ni dakika 9. Dakika tisa! Watu wa Pemba wanaendaka na vindege vidogo vya propela moja.

Kwa kichwa weka hivi, ni namba za kukadiria: Cessna Caravan, ile ndogo ya watu kama kumi na mbili, kilomita 300 kwa lisaa. ATR 72, propela mbili, 500. Dash 8 Q400, nayo propela lakini ina haraka, 650 hivi. Boeing 737 na Airbus A320, 830.

Ndege inaandikwaka kwenye tiketi ama pale unapochagua safari, mara nyingi kwa herufi ndogo chini, AT7 ni ATR, DH4 ni ile Dash. Ukikosa, uliza ajansi. Na uulize juu ya mizigo papo hapo, kwa vile vindege vidogo vya visiwani mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu na hawapendi valizi ngumu. Mama mdogo alikuwa na sombe iliyokauka, samaki ndakala na vitenge vya mtoto, wee, kilo 15 zilimalizika kwa vitenge.

Zanzibar hadi Moroni: 739 gawa 500 ni 1.48, maana yake lisaa limoja na dakika 29 (0.48 zidisha 60, usisome 1.48 kama lisaa limoja na dakika 48, ni kosa lilelile la hatua ya 2). Na jeti ni dakika 53.

Kuna mtu aliniuliza, kama ndege fulani inaweza kuruka masaa kumi, si inaweza kwenda popote ndani ya ile masaa? Uwezo wa ndege ni kitu kimoja, mafuta yaliyomo siku ile ni kitu kingine. Tarehe 23/11/1996 watu watatu waliteka Boeing 767 ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakamwambia rubani awapeleke Australia, walikuwa wamesoma kwenye gazeti la ndani ya ndege eti aina ile inaweza kuruka masaa 11. Rubani aliwaeleza mafuta ni ya kufika Nairobi tu, hawakusikia. Mafuta yaliisha karibu na Ngazidja yenyewe, kisiwa cha Moroni, ndege ikaanguka baharini mbele ya pwani, watu 125 kati ya 175 wakafa.

Hatua ya 5: ongeza dakika za kupanda na kushuka

Ile 500 ama 830 ni mwendo wa juu, ndege ikishatulia. Kabla ya hapo inatembea chini kama bisi, inangoja ruhusa, inapanda polepole, halafu mwishoni inapunguza, inazunguka ili iingie upande wa upepo, inatua, inatembea tena. Saa za kwenye tiketi zinaanza pale inaachana na mlango na zinaisha pale inasimama kwa mlango mwingine.

Mimi naongezaka dakika 20 hadi 25 kwa propela na 25 hadi 30 kwa jeti. Kwa Caravan hata 10 zinatosha, hazipandi juu sana na hazina foleni.

Jaribu uone kama inashika: Mauritius na Réunion na ATR, 231 gawa 500 ni dakika 28, ongeza 20, 48. Mashirika yenyewe yanaandikaka karibu dakika 45 hadi 50. Pemba na Caravan, 125 gawa 300 ni dakika 25, ongeza 10, 35, nayo wanaandikaka nusu saa. Karibu sawa. Moroni na ATR inakuwa lisaa limoja na dakika 50 na kitu.

Ona tena kitu kingine, kwa njia fupi hizi dakika za chini njo zinakula safari. Zanzibar hadi Dar ni kilomita 73 tu, hewani hata robo saa haifiki vizuri, lakini tiketi itasema dakika 20, 25.

Hatua ya 6: upepo, kama unapenda

Hii unaweza kuruka. Watu wa pwani wana kusi na kaskazi, kusi inavuma toka kusini-mashariki katikati ya mwaka, kaskazi inavuma toka kaskazini-mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Zanzibar kwenda Moroni unaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo wakati wa kusi unakwenda unapigwa usoni na unarudi unasukumwa mgongoni. Tuseme upepo ni kilomita 40 kwa lisaa: kwenda ATR inabaki na 460, lisaa limoja na dakika 36, kurudi inapata 540, lisaa limoja na dakika 22. Tofauti ni dakika 14. Kule juu upepo haufanani sikuzote na wa baharini, kwa hiyo chukua ile 14 kama kipimo tu, ila sasa unajua juu ya nini tiketi ya kwenda na ya kurudi haziandikwe dakika sawasawa.

Hatua ya 7: eskale (kusimama njiani), hapa njo masaa yanapotelea

Chukua ramani uangalie Zanzibar, Dar na Hahaya. Dar iko chini kidogo tu ya Zanzibar, karibu njiani. Zanzibar hadi Dar 73, Dar hadi Hahaya 682 (piga mwenyewe, kusini 4.65, mashariki 4.07), jumla 755. Moja kwa moja ilikuwa 738. Kupitia Dar kunaongeza kilomita 17, kama kutoka hapa mjini kwenda nusu ya njia ya Kavumu. Kwa ATR ni dakika mbili.

Dakika mbili hizo zilimgarimu mama mdogo nusu ya siku. Nilipomaliza kuomba radhi nilimuuliza kila saa moja moja nikaandika: alitoka nyumbani 5:30, ndege ya kwanza 7:30, akawa Dar 7:55. Akangoja hadi 12:40. Akatua Hahaya 14:25. Foleni ya pasipoti na valizi ikafika 15:15, halafu kumngoja mkwe wake na ile njia ya kwenda mjini, 16:30 kwa mlango. Hewani na kwenye barabara za viwanja ni masaa mawili na dakika kumi. Masaa nane na dakika hamsini alikuwa chini, amekaa juu ya kiti ama amesimama kwa mstari.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalkuleta uliza vitu hivi. Je, kuna ndege ya moja kwa moja? Kwa visiwa jirani mara nyingi hakuna, utapitishwa bara, hata kama viwili vinaonana kwa ramani. Je, inaruka siku gani za juma? Kuna njia za visiwani zina siku mbili tatu tu, ukifika Alhamisi na ndege ni Jumamosi, kilomita hazina kazi tena, hesabu yako ni ya usiku za hoteli. Na je, ni tiketi moja ama mbili?

Hii ya mwisho nieleze vizuri. Kama ni tiketi moja, ya kwanza ikichelewa wao njo wanakutafutia nyingine, na valizi mara nyingi inaenda yenyewe hadi mwisho. Kama umenunua mbili mbalimbali kwa sababu ni rahisi (mama mdogo alinunuliwa hivyo), ukifika katikati unatoka nje, unachukua valizi, unaanza upya kama umetoka nyumbani, na ukichelewa ni shauri lako. Dar tena inazidi: ndege za ndani kama za Zanzibar mara nyingi zinatumiaka jengo la 2, za kwenda inchi zingine jengo la 3, donc unahama na mizigo yako. Kwa tiketi moja lisaa limoja na nusu inaweza kutosha, kwa tiketi mbili mimi siteremki chini ya masaa matatu, na kama ya pili ni ya mwisho kwa siku ile, manne.

Kuna wakati boti inashinda. Toka Dar kwenda Zanzibar boti ya mbio ni karibu masaa mawili, ndege dakika 20. Lakini boti inatoka katikati ya mji na inakushusha Forodhani karibu, haikuombi uje masaa mawili mbele, na uwanja wa Dar uko kule Kipawa nyuma ya ambuteyaji ya magari. Kama unalala mjini, ukijumlisha yote mnafika karibu pamoja. Kama unashuka toka ndege nyingine na bado uko uwanjani, chukua ndege.

Hatua ya 8: saa ya nani?

Tiketi inaandikaka saa ya mahali, saa ya kutoka ni ya kule unatoka, saa ya kufika ni ya kule unafika. Bukavu, Goma na Lubumbashi tuko GMT+2, Kinshasa +1, Zanzibar, Dar, Moroni na Mayotte +3, Mauritius, Réunion na Seychelles +4. Kigali iko +2 kama sisi. Kwa mfano toka Kigali hadi Dar ni kama kilomita 1,140, na jeti lisaa limoja na dakika 50 hivi, lakini tiketi ikisema unatoka 10:00 itasema unafika 12:50, mtu anatoa anapata masaa karibu matatu, anasema intaneti inadanganya. Toa lile lisaa moja la mashariki kwanza. Kurudi inageuka, utatoka 10:00 utafika 10:50 kana kwamba uliruka dakika hamsini.

Zanzibar na Moroni ziko na saa ileile, hapo hakuna shida, lakini mama mdogo simu yake haikupata rezo kule Hahaya, ikabaki inaonyesha saa aliyoiweka kwa mkono, saa ya Bukavu. Alisoma 13:25 akajiona ametua mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye tiketi, akakaa nje anangojea mkwe bila wasiwasi.

Halafu kuna saa zetu sisi Waswahili, na hapa tulie. Mtu wa Zanzibar akisema saa moja asubuhi ni 7:00, saa nane mchana ni 14:00, unaanza kuhesabu jua likitoka. Sisi huku tumechanganya, mmoja anahesabu hivyo, mwingine ana Kifaransa kichwani, anasikia "saa moja" anaelewa 13h. Mimi mwenyewe nilishaachwa na boti Zanzibar. Nilimuuliza kijana wa nyumba ya wageni kesho boti ni saa ngapi, akasema saa moja, nikalala vizuri, nikaamka nikanywa chai na chapati, nikazunguka sokoni Darajani kutafuta karafuu, saa sita na nusu mchana nikafika bandarini na mfuko wangu, nikaambiwa boti yako kaka ilishafika Dar zamani, watu wake wako kazini. Sina wa kulaumu pale.

Toka hapo, saa yoyote ya safari naandikaka kwa namba nne, 07:00, 14:25, na mtu akinitajia kwa mdomo nauliza tena: asubuhi ama mchana, kabla ya kula ama baada?

Hatua ya 9: andika mlango hadi mlango

Chukua karatasi, mstari mmoja kwa kila kipande, na jumlisha chini. Nyumba hadi uwanja. Kungoja kabla ya ndege, kwa safari ya ndani lisaa limoja na nusu, ya inchi nyingine masaa mawili hadi matatu. Ndege ya kwanza (hatua ya 4 na 5). Eskale. Ndege ya pili. Pasipoti na valizi, mimi nawekaka dakika 50, na mtu wa Kongo awe na karte ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, si ndani ya valizi, maana wataiomba kabla hujaiona valizi. Uwanja hadi nyumba, kwa Zanzibar ni karibu sana na mji, kwa Hahaya ni ile kilomita 20.

Na kwa sisi wa hapa kuna mistari ya juu zaidi, mnajua viwanja vyetu viko namna gani siku hizi. Wengi wanavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, wanashika bisi hadi Kigali, masaa kama sita, ama wanarukia Kamembe. Iandike nayo, mpaka na bisi, usiseme safari inaanza Kigali.

Jumla ukishaipata, mtumie anayekupokea ujumbe mmoja, uwe na kodi ya uwanja, saa ya kule kwake kwa namba nne, na saa utakayotoka nje baada ya valizi. Mama mdogo alirudi tena Moroni mwaka huu, mtoto amekwisha kutembea. Nilimwandikia mkwe hivi: "Mama anatua HAH 14:25 saa ya kwenu, mchana, baada ya kula. Atatoka mlangoni 15:15. Ana valizi mbili na sombe." Akajibu, "Sawa shemeji, nitakuwa pale 15:00, sombe naingojea."

Nilimpigia mama 15:30, akaniambia nisimsumbue, wako njiani.